Babeli, Baghdad, China au India: Uanze Wapi Kufundisha Historia ya Hisabati?

Klabu ya hisabati ninayoisimamia hukutana mara moja kwa wiki, Ijumaa baada ya vipindi. Kwenye kalenda muhula una wiki nyingi, lakini ukitoa mitihani, michezo na siku za mvua kubwa zinabaki sita au saba. Ndani ya wiki hizo huwezi kuizunguka Mashariki yote, inabidi uchague. Nimefundisha Babeli, Baghdad, China na India kwa miaka tofauti, nikaona ipi inawashika wanafunzi na ipi inawapita kushoto. Naandika haya kwa mwalimu mwenzangu, kwa mzazi anayekaa na mtoto wake mezani jioni, na kwa mtu mzima aliyeachana na hesabu kidato cha nne kwa kinyongo na sasa anataka kurudi.

Misri sikuigusa, na ni kwa makusudi. Ni ya bara letu, inastahili kuandikiwa peke yake.

Watu wengi huchagua kwa kuuliza nani alikuwa wa kwanza. Kipimo hicho hakikufikishi mbali. Chukua kanuni ya pembetatu tunayoiita ya Pythagoras. Babeli waliitumia zaidi ya miaka 1000 kabla Pythagoras hajazaliwa. India, mwandishi wa kale Baudhayana aliiandika katika kanuni za kupima madhabahu kwa kamba. China walikuwa na jina lao wenyewe, gougu. Mwanafunzi akishakariri nani alimtangulia nani, anabaki na orodha ya majina na bado hajakokotoa kitu. Mimi huuliza mengine: swali lao lilitoka wapi maishani? Wanaeleza sababu, au wanaamuru tu? Na darasa langu linaweza kulifanya leo kwa vitu vilivyopo, bila kompyuta?

Babeli na Baghdad: mraba ule ule

Hawa wawili nawaweka bega kwa bega kwa sababu walikaa nchi moja, Iraki ya leo, wakafanya hesabu moja, na bado wanafundisha mambo mawili tofauti.

Wababeli waliandika kwenye udongo mbichi kwa kijiti, wakauacha ukauke. Ndiyo maana kazi zao tunazo. Kibao kimoja kilichohifadhiwa Chuo Kikuu cha Yale, cha kati ya mwaka 1800 na 1600 kabla ya Kristo, kinaenea kiganjani. Kimechorwa mraba wenye mistari miwili ya ulalo. Ubavuni pameandikwa 30. Kwenye ulalo kuna tarakimu 1, 24, 51, 10. Walihesabu kwa sitini, si kwa kumi, kwa hiyo isome hivi: 1, jumlisha 24 gawanya kwa 60, jumlisha 51 gawanya kwa 3,600, jumlisha 10 gawanya kwa 216,000. Jibu ni 1.414213 ukikadiria. Hicho ni kipeuo cha pili cha 2, na kimekosea kwa chini ya sehemu moja ya milioni. Chini yake wameshazidisha kwa 30 na kuandika urefu wa ulalo wenyewe. Inaelekea ni kazi ya mwanafunzi wa uandishi. Nikiwaambia vijana wangu kwamba daftari la mwanafunzi mwenzao limedumu miaka 3,600 na zaidi, wanaacha kupiga kelele.

Kibao kingine, cha Jumba la Makumbusho la Uingereza, kinaanza na swali: nimejumlisha eneo la mraba wangu na ubavu wake, nikapata robo tatu. Ubavu ni kiasi gani? Kisha inakuja amri baada ya amri. Chukua 1. Igawe nusu. Zidisha nusu kwa nusu, ni robo. Iongeze kwenye robo tatu, ni 1. Kipeuo chake ni 1. Toa ile nusu. Ubavu ni nusu. Mwalimu yeyote wa kidato cha pili anaiona pale njia ya kukamilisha mraba, miaka mingi kabla ya herufi *x*.

Tatizo ni kwamba kibao hakisemi kwa nini. Wanahistoria waliosoma maneno yenyewe ya Kiakadi, lugha ya vibao hivyo, wameonyesha kwamba ni lugha ya kukata na kubandika, yaani mwandishi alikuwa na picha kichwani au mchangani. Lakini picha hiyo hakuichora. Na kuhesabu kwa sitini kunakula wiki nzima. Wanafunzi wanaifahamu sitini kwenye saa, dakika na sekunde, lakini kuigawia ni kazi nyingine. Zaidi ya hapo, kwa karne nyingi Babeli hawakuwa na alama ya sifuri, hivyo 1 na 60 ziliandikwa sawasawa, msomaji aone mwenyewe kwa muktadha. Mwaka nilioanza na Babeli, nusu ya klabu ilipotea hapo.

Sasa ruka miaka kama 2,500, uje Baghdad ya Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia 813 hadi 833. Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, ambaye jina lake linatokana na Khwarizm huko Asia ya Kati, anaandika kitabu cha al-jabr na al-muqabala, yaani kitabu cha aljebra. Hana alama hata moja. Kila kitu ni maneno. Na maneno yake, kwa msomaji wa Kiswahili, si ya kigeni sana. Kipeo cha pili cha kitu kisichojulikana anakiita *mal*, ambayo ndiyo mali yetu. Kitu chenyewe anakiita mzizi. Swali lake mashuhuri linasema: mali moja na mizizi kumi yake ni sawa na dirhamu 39.

Hatua zake ni zile zile za Babeli. Igawe mizizi kumi nusu, ni 5. Zidisha 5 kwa 5, ni 25. Ongeza kwenye 39, ni 64. Kipeuo chake ni 8. Toa 5, mzizi ni 3. Ila yeye hakomei hapo. Anachora. Chora mraba usiojua ubavu wake. Bandika mstatili wenye upana wa 5 upande mmoja, na mwingine wa 5 upande wa jirani yake. Sasa una umbo lenye eneo la 39, lakini limepungua kona moja. Kona hiyo ni mraba wa 5 kwa 5. Izibe, na umbo zima linakuwa mraba wa 64. Ubavu wa mraba mkubwa ni 8, toa 5 uliyobandika, inabaki 3.

Nimeifundisha hii kwa karatasi za manila na mikasi. Kuna msichana aliyekuwa amekariri kanuni ya milinganyo ya kwadratiki tangu kidato cha pili na akiitumia bila kukosea. Siku alipoiweka ile kona ya 25 kwa mkono wake alisimama, akasema, "Kumbe inaitwa kukamilisha mraba kwa sababu unaukamilisha!" Miaka miwili alikuwa akilisema neno bila kuliona.

Jingine linaloitofautisha Baghdad ni mpangilio. Al-Khwarizmi hakukusanya maswali tu. Aliyagawa katika aina sita, akasema kila swali la namna hii litaangukia moja kati ya hizo, na kila aina akaipa njia na sababu. Zilikuwa sita, si moja kama leo, kwa kuwa hakutumia namba hasi. Hapo mwanafunzi anaona gharama ya kukosa wazo moja.

Na swali lake lilitoka wapi? Mwenyewe anasema: mirathi, wasia, mgawanyo, kesi, biashara, kupima ardhi na kuchimba mifereji. Sehemu kubwa ya mwisho wa kitabu ni mirathi tupu. Mfano mmoja wake naupenda kuliko yote. Mwanamke amefariki, ameacha mume, mtoto wa kiume mmoja na mabinti watatu, na ameusia mtu baki apewe sehemu moja ya nane na sehemu moja ya saba ya mali yake. Kwa sheria ya Kiislamu mume anapata robo, na kijana anapata mara mbili ya binti. Gawa urithi mafungu 20: mume 5, kijana 6, kila binti 3. Wasia nao, sehemu ya nane ukijumlisha na ya saba, ni 15 kwa 56. Warithi wanagawana 41 zinazobaki. Ili kila kitu kigawanyike bila vipande, mali iwe mafungu 1,120: wasia 300, mume 205, kijana 246, kila binti 123. Jumlisha uone kama inarudi 1,120.

Wanafunzi waliokulia pwani huifahamu hesabu hii kwa masikio hata kama hawajaifanya. Nusu, robo, thumuni, thuluthi na sudusi ni maneno ya nyumbani kwao. Sijawahi kulazimika kuwaeleza kwa nini sehemu zina maana.

Waliomfuata al-Khwarizmi nawapitia haraka, maana wengi wao wanahitaji darasa la juu. Umar Khayyam (1048–1131) alitatua milinganyo ya kipeo cha tatu kwa kukutanisha mikunjo ya jiometri. Al-Kashi, akiwa Samarkand mwaka 1424, alifikisha pai tarakimu 16 baada ya nukta. Jambo moja nalisisitiza kila mara: hii ilikuwa hisabati ya lugha ya Kiarabu, si ya kabila moja wala dini moja. Thabit ibn Qurra alikuwa Msabii wa Harran, mfuasi wa dini ya kale ya kuabudu nyota. Al-Samaw'al alizaliwa katika familia ya Kiyahudi huko Baghdad.

China: hesabu za ofisini, kwa njiti

Kitabu cha *Sura Tisa* cha enzi ya Han, ukoo uliotawala China miaka kama 2,000 iliyopita, kina maswali 246, na karibu yote yananuka ofisi ya serikali. Kodi, kubadilishana nafaka, udongo wa kujenga boma, vibarua wangapi wanatakiwa. Kila swali lina jibu na njia. Sababu haimo, hadi mwanahisabati Liu Hui alipoandika ufafanuzi wake mwaka 263.

Kwa klabu isiyo na fedha, China ndiyo rahisi kuliko zote. Walihesabu kwa vijiti vilivyopangwa mezani, nasi tunatumia njiti za kiberiti. Sura ya nane inaanza na mabunda ya nafaka ya daraja tatu. Mabunda 3 bora, 2 ya wastani na 1 hafifu hutoa vipimo 39. Mabunda 2 bora, 3 ya wastani na 1 hafifu hutoa 34. Bunda 1 bora, 2 ya wastani na 3 hafifu hutoa 26. Kila bunda lina kiasi gani? Unapanga safu tatu za njiti. Unazidisha safu ya pili kwa 3, kisha unatoa safu ya kwanza mara mbili, na bunda bora linatoweka: zimebaki 5 za wastani na 1 hafifu, jumla 24. Unaifanyia ya tatu vivyo hivyo, zinabaki 4, 8 na 39. Unaendelea hadi inabaki daraja moja. Bora ni 9 na robo, wastani ni 4 na robo, hafifu ni 2 na robo tatu. Vitabu vya leo vinaiita njia hii kwa jina la Gauss, Mjerumani aliyezaliwa 1777.

Katika sura hiyo hiyo namba hasi zinajitokeza zenyewe, na Liu Hui anasema njiti nyekundu ziwe chanya, nyeusi ziwe hasi. Ni kinyume cha vitabu vya fedha vya leo, vinavyoandika upungufu kwa wekundu. Paka rangi nusu ya njiti, uwaachie wanafunzi wazigombanie.

Zu Chongzhi (429–500) alionyesha kwamba pai iko kati ya 3.1415926 na 3.1415927, akatoa sehemu ya 355 kwa 113. Ikariri kwa kuandika 113355 na kuikata katikati. Hiyo ni zawadi ya dakika mbili mwisho wa kipindi.

Tatizo la China ni kwamba njia inafanya kazi vizuri mno. Wanafunzi wanapata jibu, wanafurahi, hawaulizi zaidi. Mwalimu lazima awasukume waulize kwa nini kutoa safu kutoka safu hakuharibu ukweli wa swali.

India: kwa anayependa mashairi

Kuna wanafunzi wanaosema hawana kichwa cha hesabu, lakini wanatunga mashairi na mizani haiwapotei hata moja. Kwa hao, usianze kwingine.

Katika Kiswahili kila silabi ni mizani moja. Mshororo una mizani 16, nane na nane. Katika Kisanskriti silabi fupi ni pigo moja na ndefu ni mapigo mawili, kwa hiyo likazuka swali ambalo kwetu halipo: mapigo manane yanaweza kujazwa kwa mipangilio mingapi ya silabi fupi na ndefu? Tunapiga makofi, fupi "pa", ndefu "paa". Pigo 1 lina njia 1. Mapigo 2 yana njia 2: pa-pa, au paa. Mapigo 3 yana 3. Mapigo 4 yana 5. Hapa kuna mwenye haraka atakayesema yanayofuata ni 6 au 7. Yaandike yote, ni 8. Kisha 13, 21, na kwa mapigo manane, 34.

Sababu wanaigundua wenyewe ukiwapa nafasi. Silabi ya mwisho ni fupi au ni ndefu. Ikiwa fupi, kabla yake kuna mapigo saba. Ikiwa ndefu, kuna sita. Kwa hiyo njia za nane ni njia za saba ukijumlisha za sita. Msomi wa India, Hemachandra, alieleza haya karibu mwaka 1150, akiandika juu ya ushairi. Fibonacci wa Pisa, ambaye namba hizi zimepewa jina lake, aliandika kitabu chake mwaka 1202.

Kisha sifuri. Brahmagupta, mwaka 628, aliiwekea sheria kama namba kamili, pamoja na namba hasi, na alizungumza lugha ya duka: mali na deni. Deni likitolewa kwenye sifuri, linakuwa mali. Sijaona maelezo ya namba hasi yanayoingia upesi kuliko hayo. Pia alikosea, alisema sifuri ikigawiwa kwa sifuri ni sifuri, na kosa hilo lina faida kubwa darasani. Mpe mwanafunzi nafasi ya kumsahihisha mtu mkubwa wa mwaka 628, uone atakavyokaa wima.

Neno lenyewe lina safari yake. Wahindi walisema *shunya*, tupu. Waarabu wakalitafsiri *sifr*, tupu. Likaja pwani likawa sifuri. Ukitaka kuiona sifuri yenyewe ya kale, iko kwenye ukuta wa hekalu huko Gwalior, imechongwa mwaka 876, ndani ya 270, kipimo cha bustani ya maua, na ndani ya 50, idadi ya mashada ya kila siku.

Madhava wa Kerala, wa karne ya 14, ni wa wanafunzi wa kidato cha tano na sita. Alipata robo ya pai kwa mfululizo: 1, toa theluthi, ongeza sehemu ya tano, toa ya saba, na kuendelea bila mwisho. Huko Ulaya, Mjerumani Leibniz aliufikia mfululizo huo katika miaka ya 1670. Uthibitisho umo katika kitabu cha Jyesthadeva cha karibu mwaka 1530, na kinachonigusa ni lugha yake. Hakukiandika kwa Kisanskriti, lugha ya wasomi. Alikiandika kwa Kimalayalamu, lugha ya watu wa Kerala, akaeleza kila hatua kwa nini iko hivyo. Mimi nafundisha hesabu kwa Kiingereza asubuhi na kuieleza upya kwa Kiswahili Ijumaa jioni, kwa hiyo namwelewa.

Basi uchague ipi?

Kama watoto ni wadogo, au wanaiogopa hesabu, au huna hata shilingi ya vifaa, anza na China. Njiti hazina aibu ya kukosea: unazikusanya na kuanza upya. Kama una washairi, au watu wazima waliokata tamaa, anza na India na makofi, na uiweke Kerala akiba kwa watakaokua. Babeli ningewapa wale wanaoiweza hesabu tayari, wanaotaka kuvunjwa mazoea ya kumi, na ningewapa wiki mbili, si moja.

Lakini kama una darasa la kawaida la kidato cha pili au cha tatu, wenye nguvu na wanyonge pamoja, na unaweza kuchagua moja tu, chagua Baghdad. Ndiyo pekee kati ya nne ambayo mwanafunzi anatoka nayo na swali la maisha, njia, na sababu kwa pamoja. Ndiyo pia inayokufungulia nyingine, kwa kuwa namba zake ilizichukua kutoka India, na katika elimu ya nyota iliendelea kuhesabu kwa sitini ya Babeli. Ukitaka kurudi nyuma baadaye, njia iko wazi.

Wiki ya kwanza leta karatasi za manila, mikasi na rula. Usiandike *x* popote. Andika ubaoni: mali moja na mizizi kumi yake ni sawa na dirhamu 39. Waache wakate. Wakifika penye ile kona iliyopungua usiwasaidie, hata wakikuangalia.